Majasusi wa Baada ya Alasiri

Hajja amefariki. Habari ilinifikia nikiwa jikoni kwangu Wundanyi, nachambua maharagwe, kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mjukuu wake Rima, ambaye nilipomwacha Saudia alikuwa msichana wa shule mwenye nyaya za meno na sasa ni daktari wa watoto. "Auntie Maryam," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akachoka, "nimekutafuta mtandaoni mpaka nikakupata. Bibi ametutoka leo alfajiri. Nilidhani ungetaka kujua." Nilizima jiko nikakaa kwenye kigoda. Hapa kwetu hakuna mtu anayeniita Maryam. Mimi ni Mkamburi, na hata wajukuu wangu wananiita hivyo wakitaka kunichokoza. Lakini siku yangu ya kwanza ya kazi nyumbani kwake kule Jeddah, Hajja alilijaribu jina langu mara mbili, akacheka hadi akakohoa, akasema ulimi wake umezeeka mno kwa kazi hiyo, akanipa la Maryam. Nikalivaa mwaka mzima. Ni mwaka huo ulionirudia wote pale jikoni, maharagwe yakiwa bado mapajani.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Al-Safa, na chumba nilichokifahamu kuliko vyote kilikuwa sebule ya Hajja. Makochi yalizunguka kuta zote nne kana kwamba daima kuna harusi, mapazia mazito ya rangi ya divai hayakufunguliwa hata siku moja, na kiyoyozi kilinguruma pembeni. Kulikuwa na harufu ya udi na kahawa yenye iliki. Hajja alikaa kona moja tu, karibu na televisheni, miguu juu ya kibao, tasbihi mkononi. Macho yake yalikuwa yameharibika kwa ugonjwa wa presha ya macho. Aliona vivuli na mwanga, basi. Asubuhi nilimwogesha na kumsuka nywele, mchana nilipika, na baada ya sala ya alasiri nilimpelekea kahawa na tende, nikawasha televisheni. Chaneli moja ya setilaiti ilikuwa ikirudia tamthilia za Kiingereza za majasusi, kila siku saa ile ile. Hajja alizipenda kufa. Miaka mingi nyuma, mumewe alipopelekwa London kutibiwa, alikaa huko majira yote ya baridi katika fleti ndogo, hajui lugha, akitazama mvua kwa dirisha jioni baada ya kutoka hospitali. Mume alifia huko. Tamthilia zile zilikuwa na mvua ile ile na barabara zile zile, na nadhani alikuwa akimtafuta mumewe ndani yake.

Shida ni kwamba Kiingereza hakukijua, na maandishi ya Kiarabu yaliyopita chini ya picha hakuyaona tena. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha Fomu Foo na Kiarabu cha jikoni. Siku moja akaniuliza yule mwanamume anasema nini. Nikamwambia. Akauliza yule mwingine amejibu nini. Nikamwambia pia. Tangu hapo akapiga mkono kwenye zulia karibu na miguu yake, nikakaa hapo, na hiyo ikawa kazi yangu ya alasiri. Nilisimulia kwa maneno niliyokuwa nayo, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya kijakazi. Kiarabu cha kumwita mkuu wa majasusi sikukijua, basi mkuu yule akawa kafili, tajiri anayemdhamini mfanyakazi na kumshikia karatasi zake. Hati za bandia zikawa ikama ya uongo, yaani kibali cha kukaa nchini. Jasusi aliyeasi akawa mtu aliyemkimbia kafili wake. Kumchunguza mtu kukawa kusikiliza mlangoni. Kulikuwa na jasusi mmoja mzee, mtu mpole mwenye uso wa huzuni, aliyetumwa mji wa baridi ng'ambo ya mpaka akajifanya mwalimu wa piano, huku mkewe yuko kwao Uingereza hajui kama yu hai. Daima alivaa koti refu la kijivu. Hajja alimwita Abu Balto, maana koti kwao ni balto. Tulimngoja Abu Balto kila siku, na siku ambayo chaneli iliweka mpira badala yake Hajja alikataa kula.

Nimefikiria mara nyingi ni nini kilichotuvuta namna ile, bibi wa Kiarabu na msichana Mtaita, mbele ya Wazungu wanaozungumza polepole kwenye ofisi zenye giza. Watu hufikiri hadithi za majasusi ni bastola na magari. Hizi hazikuwa hivyo. Watu walikunywa chai ya maziwa, wakatazamana, wakasema maneno matatu, na mmoja wao akawa amekwisha. "Waingereza wanadanganyana kwa adabu," Hajja alikuwa akisema, na kulikuwa na heshima katika sauti yake. Lakini kwangu mimi sababu ilikuwa karibu zaidi. Mtu anayeishi nyumba ya watu kwa jina ambalo si lake, anayejua nani amegombana na nani na nani halali chumba kimoja na nani, anayesikia kila kitu na uso wake hausemi kitu, anayekula baada ya wengine na kuwaza kwao kila saa. Kazi hiyo niliijua. Nilipomwona Abu Balto akikunja shati lake kwenye chumba cha kupanga, nilijiona mwenyewe. Nilimpenda, nisifiche.

Rima ndiye aliyegundua kwamba hadithi yangu na ya televisheni si kitu kimoja. Alikuja kutoka Riyadh na baba yake wakati wa likizo, akakaa nasi alasiri moja akila mbegu za tikiti, na baada ya muda mfupi akaanza kucheka.

"Sitti, anayosema Maryam siyo!" akamwambia bibi yake. "Huyo mzee hana kafili. Yeye ni mtumishi wa serikali. Hakuna aliyemnyima pasipoti."

"Kwa nini basi harudi kwa mkewe?" Hajja akauliza.

"Kwa sababu ya siasa, Sitti. Kuna siri anazozijua."

"Siri, siri." Hajja alitikisa mkono. "Mtu harudi kwake kwa sababu kuna aliyemzuia. Ya Maryam ndiyo kweli. Endelea, Maryam, na wewe mtoto, kula mbegu zako."

Rima alinikonyeza, nikaendelea. Lakini mwisho wa sehemu ile, nilipoinuka kuchukua vikombe, Hajja alinishika upindo wa gauni. "Pasipoti ya Abu Balto ni ya kafili," akasema. "Na yako iko kwa nani?"

Nikamwambia iko kwa bosi. Bosi ni mwanawe, baba yake Rima, aliyeishi Riyadh na kuweka karatasi za wafanyakazi wote kwenye sefu ya ofisi yake. Sikulalamika, niliisema kama mtu anavyosema sukari iko kabatini. Kwetu tunasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu nilikuwa nimekwisha kuizoea. Lakini Hajja hakuijua habari hiyo. Wafanyakazi walikuja na kuondoka nyumbani kwake maisha yake yote na hakuwahi kujiuliza wanashikwa na nini. Aliachia gauni langu akasema, "Nitasema naye."

Na kusema kulihitajika, kwa sababu wakati huo mama yangu alikuwa ameanza kuumwa. Mdogo wangu Mshai alinipigia simu nikiwa naanua nguo juu ya paa. Alizunguka kwanza, akaniuliza joto la huko, akanisimulia mbuzi aliyezaa mapacha. Nikamwambia, "Mshai, sema." Akasema, "Dada, mama hamezi tena chakula. Ni uji tu, na hata uji unarudi. Daktari anasema ni uvimbe kwa koo na umeshachelewa. Anakuulizia. Kila gari likisimama kwa barabara anauliza kama ni wewe." Nilishika kamba ya nguo kwa mikono yote miwili. Mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha. Nilichotaka ni pasipoti na ruhusa ya kutoka tu, nimkute akiwa bado ananijua. Nilimwambia Mshai nakuja kwa mama karibuni. Nilijua nasema nisiloliweza.

Hajja alisema na mwanawe kweli. Nilisikia kutoka jikoni, simu ikiwa kwa sauti kubwa kwa sababu na masikio yake pia hayakuwa mazima. Bosi hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo lililonichosha, maana mkatili angalau unaweza kumchukia. Kila mara alijibu kwa upole. Yalla, haya, baada ya Ramadhani. Baada ya Idi. Baada ya kupata mtu mwingine, lakini mtu mwingine nani, mama, na wewe umewafukuza wote kabla ya huyu? Wewe humtaki mwingine. Akae kidogo. Na hapo alikuwa amesema kweli. Mapenzi yake kwangu ndiyo yaliyonifunga. Kama angenichukia ningekuwa nimekwisha kwenda.

Wiki ile ile, sijui ni wiki gani sasa, ilikuja sehemu ambayo Hajja aliniomba nimsimulie mara mbili. Abu Balto amerudishwa hadi ubalozini lakini watu wa upande ule hawamwachii avuke mpaka, kwa sababu wanadhani ni mtu wa maana sana kwa Waingereza. Basi mkuu wake, yule mzee mwenye fimbo aliyemlea kazini kama mwanawe, anaitisha mkutano mbele ya watu wote, wapelelezi wa adui wakiwemo, na anamtukana. Anamwita mlevi, mwizi, mtu asiyefaa hata kufagia. Abu Balto anasimama pale na koti lake, hainui macho, hajitetei. Na watu wa mpakani wanasikia, wanaona hana thamani, wanamwachia.

"Kwa nini anamtukana mtu anayempenda?" Hajja aliuliza.

"Ili wamwachie aende kwao, Hajja."

"Na Abu Balto anajua kwamba ni uongo?"

Nilitazama uso wa yule mwigizaji, mtulivu na wa huzuni kama siku zote. "Hawaonyeshi," nikasema.

Tasbihi ilisimama kati ya vidole vyake. Kisha akasema nirudie tena, polepole, na maneno ya matusi niyaseme yote nisiache hata moja.

Baada ya hapo presha ya Hajja ikapanda na bosi akamhamishia Riyadh awe karibu na daktari wake, nami nikaandamana naye. Sikuipenda Riyadh. Jeddah ina unyevu, ina Balad, mji wa kale, na nyumba zake kuukuu za matumbawe ambako dereva alitupitisha siku moja na Hajja akavuta hewa dirishani akisema hapa pananuka utoto wake. Riyadh hewa ilikuwa kavu hadi midomo ikachanika, na nyumba ya bosi ilikuwa na marumaru nyeupe kila mahali, baridi chini ya miguu. Televisheni ilikuwa ya watu wote, na watu wote walitaka vitu vingine. Hajja alipewa chumba cha nyuma. Akili yake nayo ilianza kupotea njia. Siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake marehemu, akaniuliza kama baba amerudi kutoka sokoni. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa. Alhamisi moja Mshai alipiga simu akanipa mama, na mama hakuweza kusema, nikasikia pumzi tu. Niliingia bafuni mwa Hajja nikafungulia maji nikalia, nikidhani amelala. Nilipotoka alikuwa ameketi kitandani, uso umeelekea upande wangu. Aliomba maji ya kunywa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na familia yote ilikula pamoja baada ya sala. Nilisimama nyuma ya Hajja na jagi la laban, maziwa ya mgando. Bosi alikuwa na wasiwasi. Daktari alikuwa amemwambia presha ya mama haishuki licha ya dawa, na kwamba lazima kuna chumvi inaingia mahali. Akauliza mezani, bila kumtazama mtu, chumvi hiyo inatoka wapi.

"Kwa Maryam," Hajja akasema.

Vijiko vilisimama. Akaweka mkate chini akaendelea, kwa sauti kavu ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Namwambia mafi chumvi, hakuna chumvi, na yeye anatia. Anatia makusudi. Anataka nife ili arudi kwao. Ni mchafu, ni mvivu, ni mwongo. Chakula chake kimenichosha, mikono yake imenichosha. Simtaki."

Sikuwahi kumtilia chumvi. Chakula chake nilikipika kwa ndimu na bizari, katika sufuria yake peke yake, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Bosi alinigeukia, uso umebadilika rangi. "Ni kweli, Maryam?" Nilifungua mdomo. Nikamtazama Hajja, nikitafuta ishara, kidole tu, kope tu. Hakunipa. Macho yake yasiyoona yalikuwa ukutani. Na hapo ndipo liliponijia wazo la yule mzee mwenye fimbo, na kama ndivyo ilivyokuwa basi neno moja la kujitetea lingeharibu yote, na kama sivyo nilikuwa nimepotea. Niliinamisha macho. Sikujibu.

"Nitampeleka polisi," bosi akasema.

"Polisi, ili watu waseme nyumba yako inamtilia mama yako sumu?" Hajja akamkata. "Mpe pasipoti yake aende. Sitaki kuisikia sauti yake tena. Halas, imetosha."

Rima alianza kusema kitu, mama yake akamnyamazisha. Mimi nikaenda jikoni nikaweka jagi chini kwa uangalifu.

Pasipoti ilitoka kwenye sefu ndani ya siku chache. Kitu kilichoshindikana baada ya Ramadhani na baada ya Idi kilifanyika kwa haraka ambayo sikuamini. Siku hizo walinikataza kuingia chumba cha Hajja. Madam, mke wa bosi, alimlisha mwenyewe. Siku ya kuondoka niliomba kumuaga. Bosi, ambaye hata katika hasira yake alikuwa mtu wa adabu, alisimama nyuma yangu mlangoni akanipa dakika moja. Hajja alikuwa amelala ubavu, mgongo kwetu, tasbihi ikisogea. Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia nimeelewa. Nilitaka kumshika miguu niliyoiosha mwaka mzima. Lakini bosi alikuwa pale, na nikijua kwamba machozi yangu yangemfanya ajiulize, nikasema tu, "Nakwenda, Hajja."

Hakugeuka. "Yalla," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa akiniambia mimi au akimwambia mwanawe aniondoe.

Nilimkuta mama akiwa hai. Alikuwa amekuwa mwepesi, ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja, lakini gari liliposimama barabarani na akauliza kama ni mimi, kwa mara ya kwanza walimjibu ndiyo. Tulikuwa naye msimu mzima wa mvua. Nilimlisha uji kwa kijiko kidogo, nikamsimulia habari za Jeddah, za sebule na majasusi, naye alipenda sana habari za Abu Balto ijapokuwa hakuwahi kuona televisheni zaidi ya mara chache. Alinifia mapajani, asubuhi, nikiwa namchana nywele. Hata kwa dhahabu yote ya Saudia nisingeubadilisha msimu ule. Na kila nilipomshukuru Mungu kwa huo msimu nilisita, sikujua nimshukuru na nani mwingine. Labda Hajja aliufunika upendo wake kwa hasira ili nipite. Labda alikuwa bibi mgonjwa ambaye akili yake siku ile ilimwambia kwamba namuua. Nimeishi na maswali hayo mawili, na uchungu wake haujapungua kwa miaka.

Jana usiku matanga yao yaliisha, na Rima akanitumia ujumbe mwingine. Sauti yake ilikuwa chini, nadhani alijifungia chumbani. "Auntie, samahani kwa ninachotaka kusema," akaanza. "Bibi hakukusamehe. Mpaka mwisho. Mtu akitaja jina lako anasema yule wa chumvi. Baba akisema labda tulikosea, anakasirika, anasema hataki kusikia. Hata hospitalini, siku za mwisho, baba aliuliza tena, na yeye akasema ni kweli, alitia. Lakini mimi nilikuwa nikikuona jikoni. Sikuwahi kuamini. Niambie ukweli, tafadhali. Baba naye anataka kujua. Anasema kama alikuonea, anataka kukuomba msamaha."

Nilisikiliza ujumbe ule hadi nikaujua kwa moyo. Hajja alishikilia neno lake mpaka kitanda cha mauti, mbele ya mwanawe, bila kuyumba hata mara moja. Mtu aliyepotewa na akili hubadilika; leo anakuchukia, kesho anakuita kwa jina la dada yake. Hajja hakubadilika. Kwa hiyo nimejua, au nimeamua kujua, na kwa umri wangu sioni tofauti kubwa. Niliwazia pia yule bosi mpole, mfiwa, akiambiwa kwamba mama yake alimdanganya mezani pake mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumfanya afungue sefu. Ni jambo gani hilo la kumpa mtu aliyetoka kuzika?

Nilibonyeza kitufe nikajibu, kwa Kiarabu changu cha jikoni, ili baba yake naye asikie vizuri. "Rima, binti yangu, bibi yako alisema kweli. Nilitia chumvi. Nilitaka kwenda kwetu. Mwambie baba anisamehe."

Rima akanijibu kwa ujumbe mwingine. "Mungu akusamehe, Auntie," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa. Sidhani kama atanitafuta tena. Nikamwambia amina. Kisha nikaweka simu kifudifudi mezani, nikamlilia Hajja, kwa sauti, kama anavyoliliwa mzazi.